Kumzuia nguruwe pori shambani: mwongozo kamili kwa mkulima wa Lindi na Mtwara

Mwezi wa nne, miaka michache iliyopita, kundi la nguruwe pori liliingia kwenye karanga zetu bonde la Lukuledi, upande wa Mtama. Asubuhi nilikuta karibu robo eka imepinduliwa. Udongo ulikuwa umefukuliwa mistari mistari, mashina yamelala na majani yake bado mabichi, na maganda yaliyotafunwa yametapakaa huku yameshikana na mchanga kwa mate. Mjomba alikuwa amelala dunguni, yaani kwenye kibanda cha kulindia shamba, hatua mia tu kutoka pale, moto wake ukiwaka. Hakusikia kitu.

Nilipomuuliza imekuwaje, alichota vumbi kidogo akaliachia lianguke, akaangalia linakoelekea.

"Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao," akasema. "Tangu jioni walijua tulipo. Wameingia upande ambao hatukuwepo."

Tangu siku ile sijawahi tena kuuona ulinzi wa shamba kama kazi ya usiku. Nguruwe pori anazuiwa mchana, na anazuiwa kabla mazao hayajakomaa, na mtu anayefahamu maisha yake. Kuna sababu nyingine nzito zaidi, ambayo wazee wa huku wanaijua kwa uchungu: anapozoea mashamba yetu nguruwe, simba naye hujifunza njia hiyo hiyo. Nitalieleza hilo lilipo zito, kwenye sehemu ya dungu.

Anza kwa kumjua

Nguruwe pori wa kwetu si yule nguruwe mwitu wa Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini, ambaye ndiye chimbuko la nguruwe wa kufugwa. Wa kwetu ni jamii nyingine ya Kiafrika, na jina lake la kitaalamu ni Potamochoerus larvatus. Wala si ngiri. Ngiri utamwona mchana kweupe, anakula majani amepiga magoti, na akikimbia mkia unasimama wima. Usiku hulala shimoni. Nguruwe pori hufanya kinyume chake: mchana amejificha kwenye kichaka kizito, usiku ndio anatoka, na akikimbia mkia unaning'inia. Ana manyoya marefu, masikio yenye ncha za nywele, na mstari wa nywele ndefu mgongoni unaosimama anapokasirika. Mkubwa huwa na kilo 55 hadi 115 hivi.

Pua ndiyo kila kitu kwake. Macho yake ni dhaifu, masikio yake mazuri, lakini pua inamwonyesha muhogo ulio chini ya udongo, na inamwonyesha wewe ulipo hata kama umezima tochi. Pua hiyo hiyo ndiyo jembe lake. Ina gegedu gumu mbele na shingo nene nyuma yake, ndiyo maana anaweza kunyanyua fito la chini la uzio bila shida. Kuruka si kazi anayoipenda. Kupenya chini ndiyo kazi yake, na huko ndiko uzio wako utakapojaribiwa.

Anakula karibu kila kitu: mizizi, viazi vya porini, matunda yaliyoanguka, funza wa ardhini, wadudu, mizoga, hata vifaranga na mayai. Kwa hiyo hawezi kufa njaa kwa kukosa shamba lako, ila shamba lako ni rahisi kuliko pori.

Wanaishi kifamilia. Kundi huwa na dume mmoja, jike mkubwa, majike wengine na watoto, kwa kawaida kati ya wanne na kumi. Dume wa jamii hii hakai pembeni kama wanyama wengine wengi. Hulinda vitoto na eneo lake, na atakukabili ukikaribia. Mimba huchukua takribani miezi minne. Jike anapokaribia kuzaa hukusanya nyasi na matawi akatengeneza rundo la kujihifadhi, akazaa ndani yake vitoto vitatu au vinne hivi, vyenye michirizi ya rangi ya maziwa juu ya hudhurungi. Wengi huzaa kuelekea mwanzo wa mvua. Hebu hesabu mwenyewe: vitoto vilivyozaliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ikifika mwezi wa nne vimeshaachishwa maziwa na vinafuata kundi. Wakati ule ule mahindi yanakomaa na karanga zinajaa. Ndiyo sababu hasara inaongezeka ghafla msimu huo hata kama mwezi wa pili shamba lilikuwa salama.

Hakikisha ni yeye

Nimeona watu wakijenga uzio wa nguruwe wakati mwizi wao ni nungunungu. Kabla hujakata mti wa kwanza, inama uangalie.

Nguruwe pori huacha nyayo za kwato mbili pana zenye ncha butu. Kwenye tope utaona pia vishimo viwili vidogo nyuma, vya kwato za juu. Muhogo anaufukua kwa kupindua tuta zima, anavunja shina, anatafuna kiazi na kuacha nyuzi zilizotemwa. Mahindi huyaangusha kwa kifua, anakula gunzi na kukanyaga mengine kumi. Kazi yake ni chafu, na huwa ya zaidi ya mnyama mmoja.

Nungunungu huchimba shimo moja safi pembeni ya shina, na kwenye kiazi kilichobaki utaona alama za meno mawili mapana. Mara nyingi huacha mwiba. Ndezi hukata shina la hindi au mpunga kwa mshazari karibu na ardhi, kama limekatwa kwa kisu. Nyani huja mchana, anamenya hindi na kuacha maganda, na nyayo zake zina vidole. Ukikuta hasara imetokea kati ya asubuhi na jioni, msahau nguruwe.

Fuata njia mpaka anakolala

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka. Kwangu mimi ndiyo yenye faida kuliko zote.

Nenda saa nne au saa tano asubuhi, watu watatu au zaidi, mkiongea kwa sauti. Anzieni pale nyayo zilipotokea shambani, mfuate kurudi nyuma. Nguruwe pori hutumia njia zile zile kila usiku, kwa hiyo utakuta kijia kilichopigwa chini ya matawi, kama handaki la majani lenye kimo cha kiuno chako. Njiani tafuta dimbwi la tope walilogaagaa, kwa sababu jasho halimpozi nguruwe na tope ndilo linalompunguzia joto na kupe. Karibu na dimbwi utaona shina la mti lililopakwa tope hadi kimo cha goti au paja. Hapo ndipo anapojisugua. Tope likiwa bado bichi, alipita usiku wa jana.

Mkifika kwenye kichaka ambacho njia zote zinaingia, simameni. Msiingie. Jike mwenye vitoto au dume aliyebanwa hana mzaha, na meno yake ya chini yana makali kwa sababu yanasagana na ya juu kila anapofunga mdomo. Nimewahi kushona mbwa aliyepasuliwa ubavu kwa pigo moja.

Chora ramani hata kwenye daftari la mtoto: shamba, kijia, dimbwi, kichaka. Weka alama upepo unavumia wapi usiku. Kipindi cha kusi, harufu ya shamba lako na yako mwenyewe inaelekea kaskazini, kwa hiyo kichaka kilicho upande wa kaskazini kinapata habari zako zote. Ndicho kilichotupata sisi.

Ondoa maficho

Mara nyingi kichaka hicho si msitu wa serikali. Ni shamba pori la mikorosho. Mwenyewe amehamia mjini au amefariki na warithi hawajaelewana, mikorosho imezeeka, chini kumejaa mikwamba na nyasi, na msimu wa korosho mabibo yanaanguka bila wa kuyaokota. Nguruwe hapo amepata kivuli, maficho na chakula kwa pamoja.

Pelekeni suala hilo kwenye mkutano wa kitongoji, msilifanye ugomvi wa jirani na jirani. Tuliwahi kukubaliana na familia moja kwamba tufyeke chini ya mikorosho yao, nasi tupande kunde na mbaazi katikati kwa misimu miwili, korosho zikibaki zao. Wao walipata shamba lililopaliliwa, na kundi likahama.

Kuzunguka shamba lako, fyeka ukanda wa mita kumi uwe mweupe. Nguruwe pori hapendi kuvuka uwanda, hasa akiwa na vitoto. Usichome moto ukanda huo kiangazi. Ukikuponyoka utaunguza mikorosho ya watu wengi, na hasara hiyo nguruwe hawezi kuifikia kwa miaka kumi.

Panga mazao kwa kumfikiria

Karanga, njugu mawe, viazi vitamu na muhogo mtamu ziwe katikati au upande wa nyumba. Upande wa pori weka ufuta, ambao hauna anachokitafuta ardhini. Wengi huku hupanda muhogo mchungu pembeni na mtamu ndani, na wana sababu: sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo mchungu inawakatisha tamaa wanyama.

Lakini sumu hiyo haimchagui nguruwe peke yake. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri husababisha konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao haurudi nyuma, na unaowapata zaidi watoto na akina mama. Hutokea hasa mwaka wa njaa, watu wanapokosa subira ya kuusindika. Kwa hiyo ukiupanda, weka ahadi na nyumba yako: umenywe, ulowekwe siku tatu hadi ulainike, uanikwe ukauke kabisa, ndipo utwangwe. Na waambie watoto wazi ni mistari ipi hawaruhusiwi kuchimba wakila shambani.

Pandeni kwa wakati mmoja na majirani. Shamba linalokomaa peke yake, kabla au baada ya mengine, linabeba kundi zima la nguruwe.

Uzio: fanyeni pamoja, na mpambane na sehemu ya chini

Tunapima eka kwa hatua 70 kwa 70, kwa hiyo kuzungushia eka moja ni hatua 280. Watu wanne wenye eka moja moja zilizotawanyika watazungushia hatua 1,120. Wakizikutanisha eka hizo nne ziwe mraba mmoja, uzio unakuwa hatua 560 tu. Nusu ya miti na nusu ya siku za kazi. Hakuna mbinu nyingine ninayoijua inayookoa nguvu kiasi hicho, na bado kila mwaka naona watu wakihangaika kila mmoja peke yake.

Uzio wa miti hujengwa hivi. Chimbia nguzo nusu mita ndani ya ardhi, umbali wa hatua moja. Fito la kwanza lilale ardhini kabisa, ikiwezekana kwenye mfereji mdogo, kisha lipigiliwe vigingi pande zote mbili. Fito la pili liwe kiganja kimoja juu yake, la tatu hivyo hivyo. Hadi goti, fito ziwe karibu karibu sana. Kuanzia goti hadi kiuno unaweza kuachanisha. Watu wengi hufanya kinyume, wanajaza juu na kuacha chini wazi, na nguruwe anawashukuru. Ukimaliza, zunguka kwa magoti. Popote ngumi yako inapopita chini, pua yake itapita.

Uzio hai unachelewa lakini unadumu. Mkonge uliopandwa safu mbili kwa kupishana unafaa sana. Minyaa pia hushika kwa urahisi, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo kata ukiwa umesimama upande unakotoka upepo na watoto wakae mbali. Miaka miwili ya kwanza bado utahitaji miiba chini.

Handaki linategemea udongo. Kwenye udongo mweusi wa bondeni, handaki la kina cha mita moja lenye ukuta wima upande wa shamba hudumu msimu mzima. Juu huko Newala na Tandahimba, kwenye mchanga mwekundu, litabomoka kwa mvua mbili, na ningekushauri usipoteze nguvu.

Makopo ya kugonga, nguo kuukuu, vinyago vya kutisha, hata redio usiku kucha, vinafanya kazi kwa siku chache. Nguruwe pori ana akili na anazoea upesi. Viweke akiba kwa wiki mbili za mwisho kabla ya kuvuna, uvibadilishe mahali kila usiku.

Dungu, usiku na simba

Hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania. Tangu mwaka 1990 waliouawa walikuwa zaidi ya 563, na waliojeruhiwa si chini ya 308. Kusini mwa nchi, Lindi ikiwemo, ndiko kulikoumia sana. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Tena wilaya zilizoathirika zaidi zilikuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wa kuwindwa wachache. Maana yake ni hii: simba aliyekosa pundamilia na swala anafuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, na katikati ya mahindi yupo mtu amelala kwenye kibanda cha fito na makuti.

Kwa hiyo lengo la hatua zote za juu ni kupunguza usiku ambao mtu analazimika kulala shambani. Ikibidi ulale, fanya haya.

Dungu liwe juu, mita mbili na nusu au zaidi, lenye kuta za fito pande zote, na ngazi inayovutwa juu. Kibanda cha chini chenye mlango wa nyasi si ulinzi. Msilale chini ya wawili. Kamwe usimweke mtoto peke yake, wala usimtume kijana kijijini kuchukua chakula baada ya jua kuzama. Chakula na maji vifike shambani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Haja ndogo iwe na chombo humo humo juu, kwa sababu wapo waliokamatwa waliposhuka kwa ajili hiyo tu.

Angalia mwezi. Usiku wa mwezi mpevu una mwanga tangu jioni, na simba hapati chakula kwa urahisi. Siku zinazofuata mwezi huchelewa kuchomoza kila usiku, hivyo saa za mwanzo wa usiku zinakuwa giza tupu na simba ana njaa. Utafiti mwingine wa Packer na wenzake, uliofanyika hapa Tanzania, ulionyesha kuwa siku hizo kumi baada ya mwezi mpevu, saa za jioni, ndizo za hatari kuliko zote. Bandika kalenda ya mwezi kwenye nguzo ya nyumba. Siku hizo kumi, kaeni dunguni mapema, au msiende kabisa.

Ukiona nyayo za simba zimepanda juu ya nyayo za nguruwe, kazi ya ulinzi imeisha usiku huo. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori, watu wote wa mashamba yale walale kijijini. Karanga zitaliwa, ziliwe.

Mitego ya waya na sumu

Tanzi la waya halijui jina la mnyama. Litamkamata paa, mbwa wa jirani, au chui, na chui ndiye anayekupunguzia nguruwe bila malipo. Nguruwe aliyenaswa akakata waya ni hatari kwa yeyote atakayepita njia ile asubuhi. Sumu ni mbaya zaidi, maana mzoga wake unaua tumbusi na fisi, na inaweza kuingia kwenye maji mnayokunywa.

Isitoshe, nguruwe pori ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumwinda kunahitaji kibali. Kundi likizidi nguvu zenu, andikeni barua ya kijiji kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mkitaja tarehe, eka zilizoharibiwa na kitongoji. Ile ramani ya daftari iambatanisheni. Barua yenye ramani hushughulikiwa upesi kuliko malalamiko ya mdomo.

Porini anabaki na kazi zake. Anapindua udongo, anakula funza, anasafirisha mbegu za matunda tumboni. Sehemu kubwa ya watu wa pwani yetu hawali nyama yake, hivyo ameishi nasi muda mrefu bila kuwindwa sana. Ninachotaka ni abaki huko.

Kwa wanaofuga nguruwe

Wafugaji wa Masasi, Ndanda na kwingineko wana jambo moja la ziada. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hukaa kwa nguruwe pori na ngiri bila kuwaonyesha ugonjwa. Ikimpata wa kufugwa, huua karibu banda zima. Usiache nguruwe wako wazurure. Zungushia banda uzio mara mbili, wasiguse hata pua kwa pua na wa porini. Usiwape mabaki ya nyama ya porini, na aliyetoka kumchuna nguruwe pori asiingie bandani na viatu vile vile.

Baada ya mavuno

Karanga zikishatoka, okota zilizobaki ardhini, kwani ndizo zinazomfundisha nguruwe kurudi mwaka kesho. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima, kwa hiyo uzio wake haupumziki. Mwezi wa saba, mchwa wakishaanza kula nguzo, zunguka ugonge moja moja kwa kisigino cha panga na ubadilishe zinazolia kwa sauti ya uwazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, Novemba au Desemba, rudi asubuhi yake. Maji huchimba vijito chini ya fito la kwanza. Viweke mawe au vigingi siku hiyo hiyo, kabla ya giza.